Tairi halipasuki ghafla

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Sina nia ya kubishana na wahenga, lakini nashuku kwamba msemo wao tumeugeuza kuwa mto wa kulalia. Kila mara gari linapopinduka katika barabara zetu za Bonde la Ufa, taarifa huwa ni ile ile: tairi lilipasuka ghafla, dereva akashindwa kulidhibiti gari. Tukishaisoma sentensi hiyo tunatikisa vichwa, tunawaombea marehemu, kisha tunafungua ukurasa mwingine. Neno "ghafla" limekwisha kumsamehe kila mtu: mwenye gari, dereva, fundi na hata aliyeidhinisha safari.

Hoja yangu leo ni kwamba neno hilo halina ukweli. Kilicho cha ghafla ni mlio peke yake. Tairi lenyewe huwa limekuwa likifa kwa siku nyingi, na mara nyingine kwa miezi, huku dalili zake zikionekana na yeyote aliye na macho ya kutazama. Naandika haya kwa walimu na wanafunzi hasa, kwa sababu mbili. Kwanza, wao ni wasafiri: kila muhula mabasi ya shule hubeba maelfu ya watoto kwenda katika tamasha za muziki na drama, michezo na ziara za masomo. Pili, elimu inayohitajika ili kuyazuia maafa haya tayari imo katika vitabu vyao. Kilichokosekana ni mtu wa kuitoa darasani na kuipeleka uani, pale basi linapoegeshwa.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Anayetoka Nairobi kwenda Nakuru hupita Kinungi, Naivasha, Gilgil na Mbaruk. Akiendelea magharibi hukutana na Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, na akielekea Eldoret atapita Timboroa, ambako kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Nakuru yenyewe iko takriban mita 1,850. Kwa hiyo lori lililopakia bandarini Mombasa hupanda, hushuka na kupanda tena, likisaga lami ya baridi alfajiri na lami ya moto adhuhuri. Ukisimama kando ya barabara hii popote pale, utaona vipande virefu vya mpira mweusi vimetapakaa majanini kama magamba ya nyoka. Kila kipande ni ushahidi wa tairi lililokufa hapo.

Sisemi kuwa majonzi yote ya njia hii yameletwa na matairi. Usiku wa Desemba 31, 2017, watu 36 waliangamia hapo Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori vilipogongana ana kwa ana. Juni 30, 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani na kuua watu zaidi ya 50 waliokuwa wakichuuza na kungoja magari. Misiba hiyo ilizusha mjadala wa breki, wa mwendo wa kasi, wa ufinyu wa barabara na wa wachuuzi kukaa kandokando ya lami. Baada ya ule wa Migaa, njia za kupanda na kushuka katika kipande hicho zilitenganishwa. Yote hayo yalistahili. Hata hivyo, barabara hata ikipanuliwa mara kumi, itabaki kuguswa na gari mahali pamoja tu, nayo ni pale tairi linapokanyaga, eneo lisilozidi sana ukubwa wa ukurasa wa daftari. Breki, usukani na ustadi wa dereva vyote hupitia hapo.

Sasa, tairi hufa vipi? Watu wengi hudhani kuwa hupasuka kwa kujazwa upepo kupita kiasi, mithili ya puto. Hilo hutokea, lakini ni nadra. Tairi zima lililoundwa barabara huweza kuhimili presha kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kazi. Adui mkuu ni kinyume chake: upepo mdogo. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea linapogusa ardhi na kunyooka linapoinuka. Basi kubwa likienda kilomita 80 kwa saa, kila gurudumu huzunguka takriban mara 400 kwa dakika. Kutoka Nakuru hadi Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 160, ubavu wa tairi hukunjwa na kukunjuliwa karibu mara 50,000. Mwanafunzi achukue kipande cha waya, akipinde huku na huku mara 20, kisha akiguse pale kilipopindwa. Atakuta kimepata moto, na akizidi kidogo kitakatika. Nyuzi za chuma zilizofichwa ndani ya mpira hupatwa na yayo hayo. Joto hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka za mpira na nyuzi, tabaka zikaanza kuachana, na hatimaye tairi hufumuka.

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa imara, hautepeti kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo, baada ya kumtengenezea mwanawe matairi ya baiskeli. Watu hao wawili walituachia kifaa cha ajabu ambacho siri yake ni moja: mzigo haubebwi na mpira, hubebwa na upepo uliofungiwa ndani. Mpira ni gunia tu. Upepo ukipungua, gunia hulazimika kubeba lisichoumbiwa kubeba.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nimeliona mara nyingi katika vituo vya mafuta. Dereva hufika mchana jua likiwaka, akapima matairi, akakuta presha imepanda, akatoa upepo "ili yasipasuke". Anadhani ameokoa maisha, kumbe amechimba kaburi. Tufanye hesabu kwa sheria za gesi zinazofundishwa katika Fizikia ya sekondari. Chukulia kuwa alfajiri, Nakuru ikiwa na nyuzijoto 12, tairi lilikuwa na pauni 100 za presha kwa kila inchi mraba. Katika mwinuko wa Nakuru hewa ya nje ina presha ya takriban pauni 12, kwa hiyo jumla ya presha ndani ya tairi ni 112. Safarini hewa ya tairi ikifika nyuzijoto 65, halijoto halisi itakuwa imepanda kutoka 285 hadi 338, na kipimo kitasoma takriban 121. Ongezeko hilo ni la kawaida, na aliyeliunda tairi alikwisha kulitarajia. Dereva akiishusha hadi 100 hali tairi lina moto, kesho yake alfajiri atakuwa na pauni 82 tu. Ataondoka na tairi lililopungukiwa karibu thuluthi moja ya tano... la, tuseme kwa usahihi: pauni 18 katika 100. Tairi hilo litabonyea zaidi, litapata moto zaidi, presha itapanda tena, naye atatoa upepo tena. Kanuni ni fupi: pima tairi likiwa limepoa, kabla ya safari, na usitoe upepo katika tairi lenye moto.

Wapo pia wanaosema kuwa matairi hupasuka kwa sababu ya milima yetu. Hesabu haiwaungi mkono. Tairi lililopimwa pauni 100 Mombasa, likifika Nakuru bila halijoto kubadilika, litasoma takriban 103, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi zaidi huku juu. Pauni 3 haziwezi kulipasua tairi la lori. Mlima unapoua, huua kwa njia nyingine. Katika mteremko mrefu kama ule wa kushukia Salgaa, dereva anayeondoa gia ili aokoe mafuta huachia breki kazi yote. Breki zikipata moto mkali, moto huo hupenya katika rimu na kuingia katika tairi. Hapo dereva anaweza kupoteza breki na tairi kwa pamoja, naye yuko mteremkoni.

Matrela yana balaa yake ya pekee. Tairi la mbele likianza kulegea, dereva hulihisi katika usukani. Tairi la trela halimtumii salamu yoyote. Liko mita nyingi nyuma yake, na kwa kawaida limefungwa mawili mawili, la nje na la ndani. La ndani likiisha upepo, la nje husimama wima likionekana zima kabisa. Tuhesabu tena. Ubavuni mwa tairi moja la kawaida la magari makubwa huandikwa 152/148. Nambari hizo ni za uzito: kilo 3,550 likifungwa peke yake, na kilo 3,150 likifungwa na pacha wake. Ekseli yenye tani 10 huweka tani 5 kila upande. Pacha wote wawili wakiwa hai, kila mmoja hubeba tani mbili na nusu, mzigo ulio chini ya uwezo wake. Mmoja akifa, aliyebaki hubeba kilo 5,000, yaani takriban asilimia 40 zaidi ya uwezo wake. Tusishangae basi tairi la pili likipasuka muda mfupi baadaye, na watu wakaapa kuwa lilikuwa jipya. Ajabu ni kwamba gari hilo lingeweza kupita mizani ya Gilgil bila kosa, maana mizani hupima ekseli na haioni upepo.

Utingo wengi wana desturi ya kuyagonga matairi kwa nondo au kwa rungu na kusikiliza mlio. Desturi hiyo si mbaya, kwani humfichua aliyekufa kabisa. Lakini tairi lililopungukiwa pauni 20 hulia sawasawa na lililo zima, na hilo ndilo hatari zaidi kwa sababu halijajitangaza. Hakuna sikio lililo badala ya kipimo.

Nije sasa kwa tairi linalokaa bure, kwa maana hili ndilo linalozihusu shule zaidi. Lori la masafa marefu humaliza meno ya matairi kabla mpira haujazeeka. Basi la shule, sawa na trela la mkulima wa Njoro, Rongai au Subukia, au lile dogo la mtalii anayekwenda kupiga kambi Naivasha au Bogoria, husimama juani wiki nyingi kisha huitwa siku moja kwa kazi kubwa. Meno yake hubaki marefu na ya kupendeza. Ndani, jua na hewa vimekwisha kuukausha mpira, ukaanza kupata nyufa nyembamba ubavuni. Mwenye kulitazama husema, "Hili bado jipya." Tairi halihesabiwi umri kwa meno peke yake. Ubavuni mwake, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, mna tarakimu nne zilizozungushiwa mstari. Mathalani, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri kuwa tairi likitimiza miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe hata kama lina sura nzuri. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisoma tarakimu hizo. Ni bodi ngapi za shule zimewahi kuziuliza?

Suala la umri ni nyeti kwetu. Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, na leo tunategemea sana matairi ya kuagizwa. Tairi linaweza kuwa limekaa ghalani na melini kwa muda mrefu kabla ya kufika dukani. Magari yaliyotumika nayo huruhusiwa kuingia nchini yakiwa na umri wa hadi miaka minane, na huenda matairi yake ni ya umri uo huo. Anayenunua kwa kutazama weusi na mng'aro hununua rangi.

Wala tusidhani kuwa uzembe huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2000 huko Marekani kampuni ya Firestone iliita matairi yake milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer, baada ya tabaka zake kuachana safarini na vifo vingi kutokea. Kasoro za kiwanda, joto la majimbo ya kusini, mwendo na upepo mdogo vyote vilitajwa katika ubishi uliofuata. Serikali yao haikuishia katika rambirambi. Mwaka huo huo ilitunga sheria, na kutokana nayo magari madogo mapya huko yakalazimishwa kuwa na chombo kinachomwonya dereva upepo unapopungua. Walikubali kuwa macho ya binadamu hayatoshi.

Sisi nasi tumetunga sheria. Kanuni za marehemu Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta vidhibiti mwendo na mikanda. Sheria ya mwaka 2012 ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Baadaye shule zikatakiwa kuyapaka mabasi yao rangi ya manjano, nazo zikapaka. Sina ugomvi na rangi. Lakini naona tumekuwa hodari wa kutii linaloonekana kwa mbali na wavivu wa kutunza lisiloonekana mpaka uiname. Cheti cha ukaguzi husema hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakijui kilichotokea baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache ambayo hayahitaji kungoja serikali. Kila shule yenye basi inunue kipima presha chake chenyewe, kilicho cha kuaminika. Kila shule iwe na daftari la matairi: nambari ya wiki na mwaka, mahali lilipofungwa, na presha iliyopimwa alfajiri ya kila Jumatatu na ya kila siku ya safari. Daftari hilo lishikwe na wanafunzi wa chama cha sayansi chini ya mwalimu wao, dereva akiwa mkufunzi. Wachore grafu ya presha na halijoto. Tairi linalopoteza pauni tatu kila wiki huku mengine yakisimama imara litajianika lenyewe katika grafu, wiki nyingi kabla ya kuua. Mtaala wa umilisi unatutaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Je, kuna utendaji wenye maana kuliko huu?

La pili ni heshima kwa dereva. Katika shule nyingi dereva huambiwa saa ya kuondoka. Haulizwi kama gari linafaa. Napendekeza apewe haki ya kukataa safari kwa maandishi, na mwalimu mkuu asiweze kuivunja haki hiyo bila kuyapima matairi mbele yake. Njiani, kila mnaposimama, azunguke na kuukaribisha mkono kwa kila tairi bila kuligusa rimu. Lililo na moto kuliko wenzake linasema jambo.

La tatu lawahusu mafundi wetu wa pancha, watu wanaotufaa sana na wanaohatarisha maisha yao kimyakimya. Tairi lililokimbizwa bila upepo huwa limevunjika nyuzi ndani. Likijazwa tena laweza kufumuka ubavuni na kumuua anayelijaza. Lisijazwe kabla ya kufunguliwa na kukaguliwa ndani, na anayejaza asimame mbali, kando ya tairi, wala si mbele ya ubavu wake. Wanafunzi nao wasilizunguke kutazama.

Na iwapo tairi limepasuka licha ya yote? Dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aushike usukani kwa mikono miwili, alinyooshe gari, aondoe mguu kwenye mafuta polepole na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe ndipo alitoe kando. Abiria waliofunga mikanda na kutulia humsaidia. Wanaopiga mayowe na kukimbilia upande mmoja humwangamiza.

Najua jibu litakalonijia. Mwalimu mkuu ataniambia kuwa fedha za serikali huchelewa, karo haijalipwa, na tairi moja la basi hugharimu pesa nyingi. Namwamini. Lakini upepo ni bure au karibu na bure, na tairi linalopimwa kila wiki hudumu zaidi na hunywa mafuta machache zaidi. Upimaji huu ni akiba hata kabla haujawa usalama. Na pale ambapo hakuna fedha za tairi, basi hakuna safari. Tamasha litakuwapo mwakani. Nasi tunataka watoto wawepo pia.

Atakayenijibu kwa kudra ya Mungu, nitamwambia kwa unyenyekevu kuwa sijui siri za Mwenyezi. Ninachojua ni kwamba pauni 82 si 100, na kwamba tofauti hiyo ilikuwa pale alfajiri, basi likiwa limeegeshwa, injini haijawashwa, na watoto bado hawajapanda.